Mume wa Bibi Yunis

Faustini Mulunda alikuwa fundi cherehani wa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na mkewe alimpata kwa kukosea vipimo makusudi. Siku hizo Yunis alikuwa akifundisha sekondari Kigoma. Faustini alikuwa akivuka ziwa kwenda kushona huko, naye akampa kitenge amshonee gauni. Likambana mabegani, akalirudisha. Likambana kiunoni, akalirudisha tena. Mara ya tatu lilimkaa kama alizaliwa nalo, na Faustini akakiri kwamba hakuna fundi asiyejua kupima kiasi hicho, alitaka tu arudi. Wakafunga ndoa Kigoma, harusi ndogo. Wazazi wa Yunis walitoa baraka zao kwa simu, maana kutoka Mlalo hadi Kigoma ni safari ya kuchosha hata wazima, na miguu ya Mzee Hezekia, baba yake Yunis, ilikuwa imeanza kumsumbua.

Miguu hiyo ndiyo iliyoanzisha mambo yote. Yunis aliomba uhamisho awe karibu na baba yake, akapewa shule huko huko kwao Mlalo, juu milimani. Faustini akabaki Kalemie kufuatilia karatasi za kuhamia nchi ya watu, na karatasi, kama kawaida yake, zilikula karibu mwaka mzima. Zilipotoka, alikifunga kichwa cha cherehani yake ndani ya blanketi, akavaa viatu vyake vyeupe vya ngozi, akavuka ziwa kumfuata mkewe.

Alikuwa mtu wa ufukweni. Mlima aliujua kama kitu cha kutazamwa kwa mbali. Gari lilipoanza kupanda kutoka Mombo alichungulia dirishani mara moja, akaona vilele vya miti viko chini ya magurudumu, akafumba macho na kuomba. Aliyafumbua Lushoto, akayafumba tena mpaka Mlalo. Yunis alikuwa ameahidi kumngoja kituoni saa kumi, lakini gari liliwahi, na yeye alikuwa bado anasimamia mtihani, simu yake imeachwa ofisini. Faustini akaona hakuna haja ya kusimama kwenye baridi ilhali mdomo anao. Akamwendea kijana wa bodaboda aliyeitwa Rashidi.

Hapa lazima nieleze jambo. Faustini alizungumza Kiswahili tangu utotoni, hivyo lugha haikumpa wasiwasi hata kidogo. Lakini Kiswahili cha Kalemie kina mambo yake. Huko, mtu akisema bibi yangu, anamaanisha mke wake.

"Natafuta bibi yangu," alimwambia Rashidi. "Anaitwa Yunis. Yunis wa kwa Hezekia."

Rashidi hakuwa na shida ya kuelewa. Bibi Yunis, mama mzazi wa Hezekia, alijulikana na kila mtu. Hata yule mwalimu alipewa jina la bibi yake huyo. Bibi huyo alikaa peke yake mgongoni mwa kilima, juu ya nyumba ya mwanawe. Rashidi akampakia mgeni na mzigo wake, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye maadili, njiani akamsifu. Alisema vijana wa siku hizi wakishaenda mijini huwasahau bibi zao, na inapendeza kuona mmoja aliyekumbuka.

"Mimi siwezi kumusahau bibi yangu," Faustini akajibu nyuma yake. "Mwaka muzima nimelala peke yangu."

Rashidi akaongeza mwendo mpaka walipofika.

Bibi Yunis alikuwa kizingitini anapukuchua maharage. Umri wake ulishapita themanini, macho yalikuwa mazuri kuliko masikio, na wajukuu wake walikuwa wametapakaa Tanga, Arusha na Dar kiasi kwamba nusu yao hakuwajua kwa sura. Hilo hakupenda lijulikane. Rashidi alipomwambia kwa sauti kubwa kuwa amemletea mjukuu, alimtazama mgeni kuanzia viatu vyeupe hadi kofia, akamkaribisha kama bibi yeyote anavyomkaribisha mjukuu wa kiume.

"Mume wangu, umefika," alisema. "Mbona umekawia hivyo? Nimezeeka nikikungoja."

Faustini alisimama na cherehani yake kifuani. Baadaye alimsimulia mkewe kwamba alifikiri mengi kwa wakati mmoja: kwamba alishaambiwa baridi ya mlima huchakaza watu, lakini si kwa mwaka mmoja, na kwamba huenda kuna Yunis mwingine aliyekuwa akingoja mume, na huyu mume amechelewa kweli. Kwa vyovyote alikuwa na njaa, na bibi alishamsogezea kigoda, viazi vya kuchemsha na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akala. Alidhani akimaliza mambo yatajieleza yenyewe.

Bibi alipomwona ameshiba akamuuliza kama baba yake hajambo.

"Papa alikufa, mama," akasema Faustini. "Ni zamani."

Zamani haikufika masikioni mwa Bibi Yunis. Iliyofika ni alikufa. Kwa muda wote ule alikuwa ameshaamua kimoyomoyo kwamba kijana huyu ni mtoto wa Clemence, mwanawe wa pili anayekaa Mazinde, maana ndiye aliyekuwa na mtoto aliyepotelea machimboni. Kwa hiyo Clemence amekufa, na mtoto ametumwa kuleta habari. Akauachia ungo wa maharage, akapiga yowe.

Kwetu huku yowe la kilimani husikika mabonde matatu. Jirani wa kwanza kufika alikuwa Saumu, mama muuza karoti. Alimkuta bibi yuko chini na mwanamume wa viatu vyeupe anampepea kwa kofia. Akauliza nani, akaambiwa Clemence, naye akapokea yowe akalipeleka mbele. Muda si mrefu wakaja wengine. Mzee Hezekia alipandishwa kilima huku ameshikwa mikono huku na huku, akimlilia mdogo wake, na nyuma yake mkewe Esteria, khanga kichwani, machozi yanamtiririka.

Faustini hakujua nani amekufa, lakini alijua kulia na wenzake. Alipoonyeshwa kwamba yule mama ndiye Mama Yunis, mkwewe, moyo ulimjaa huruma na furaha pamoja. Akainuka akafanya anachofanya mtu wa heshima kwao. Akamkumbatia. Akagusanisha naye vichwa, kushoto, kulia, kushoto tena, akasema, "Yambo, mama. Mimi ni Faustini."

Kilio kilikatika ghafla.

Katika ukoo ule mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kukumbatiana hakukuwa na hata jina. Na kabla mtu yeyote hajajua aseme nini, simu ya Mzee Hezekia iliita. Alikuwa Clemence, kutoka Mazinde, anauliza kwa nini watu wanampigia mkewe kumpa pole.

Yunis alipofika akitweta kutoka shuleni, alikuta matanga yasiyo na maiti, bibi yake anacheka mpaka anajifuta macho, mama yake hayupo, na mumewe amekaa kwenye kigoda katikati ya watu akieleza kwa mara ya tano kwamba yeye hakuua mtu.

Jumapili iliyofuata Clemence mwenyewe alipanda kutoka bondeni kuja kumwona, kama alivyosema, aliyemzika. Alileta machungwa, akacheka sana, wakawa marafiki. Lakini Mama Esteria hakucheka. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mpole, mwenye haya, na alikuwa amekumbatiwa mbele ya kijiji kizima huku akimlilia mtu aliye hai. Tangu siku ile akimwona Faustini anakuja, alikata kona kwenye migomba.

Bibi Yunis ndiye aliyemchukua Faustini darasani. Kwa desturi yeye na mume wa mjukuu wake ni watani, na utani huo aliutumia wote. Alitangaza kuwa kijana alimfuata yeye kwanza, hivyo yeye ndiye mke mkubwa, na mke mkubwa anataka kuni na sukari. Faustini alileta. Naye akamfundisha. Alimfundisha kutembea kwa ubavu kwenye mteremko wa matope, akaviweka vile viatu vyeupe darini akampa buti za marehemu mumewe. Alimfundisha shikamoo, ambayo kwetu si jambo la mchezo. Faustini aliikamata kwa bidii iliyozidi, akawa anaitoa kwa kila anayekutana naye, mpaka watoto wa shule wakagundua na kuwa wanamvizia njiani, wanapewa shikamoo, wanajibu marahaba kwa sauti nzito na kukimbia.

Yeye na Yunis walikaa kwenye nyumba ndogo uani kwa Mzee Hezekia, na kwa kuwa mzee hakuweza tena kukata majani, kazi ya ng'ombe ikawa ya Faustini. Ng'ombe alikuwa mmoja, wa maziwa, jina lake Neema, bandani nyuma ya jiko. Na hapo mama mkwe hakuweza kukata kona, kwa sababu yeye ndiye aliyemkamua.

Mtu akiwa na neno kwa mkwe hulipitisha kwa mtu wa tatu. Asubuhi moja Faustini aliingia na mzigo wa majani, na mtu wa tatu hakuwepo. Mama Esteria alikuwa amechuchumaa upande wa pili, uso kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Neema," alisema, "aliyekuletea majani haya mwambie yana umande. Yatakuvimbisha tumbo."

Faustini akamtazama ng'ombe. Ng'ombe naye akamtazama. Akayatoa majani yote akayaanika juani. Lakini kesho yake, baada ya kuwaza usiku kucha, alikuja na jibu.

"Neema, sema kwa mama aksanti. Viazi vya jana vilikuwa vitamu."

Sauti ya maziwa kwenye ndoo haikusita. "Neema, mwambie huku tunasema asante. Hiyo yake inakwaruza."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi ng'ombe alipokea maneno na kuyapeleka. Mwanzoni yalikuwa ya majani na maji. Baadaye yakapanuka. Mama Esteria alimtuma Neema aulize ni kweli kwao wanaita ugali bukari, na kama mtu anaweza kushiba kitu chenye jina hilo. Alimtuma akaseme mwanamume hapaswi kukaa jikoni. Faustini akamwomba Neema amuulize mama anadhani nani aliyepika yale maharage aliyoyasifu juzi. Siku hiyo ndoo ilinyamaza kabisa, na Faustini akaona mabega ya mama mkwe yanatikisika nyuma ya ng'ombe, akajua anacheka na hataki aonekane.

Yunis, aliyekuwa akiwasikia akipita na daftari zake, alimweleza baba yake kwamba ana wasiwasi na mama, siku hizi anazungumza na ng'ombe. Mzee Hezekia alisema Esteria alianza zamani.

Kisha ikaingia Juni, na baridi ya kwetu ya Juni haina utani na mtu. Ukungu ulikuwa unakaa mlangoni mpaka saa nne. Faustini alivaa sweta mbili na soksi za kulalia, na bado mikono yake ilikataa kushika sindano. Kazi zilizomjia zilikuwa zipu na viraka. Yunis alitoka alfajiri na kurudi jioni na rundo la madaftari ya kusahihisha, akasinzia juu yake. Watu walimpenda, hilo aliliona. Lakini kila alipofungua mdomo walitabasamu kabla hajamaliza, na mtu hata akipendwa huchoka kuchekesha bila kukusudia. Alikumbuka joto la Kalemie, kelele zake, ndugu zake, samaki wa kukaanga jioni, na mahali ambapo mtu anatembea bila kutazama miguu yake.

Asubuhi moja aliingia bandani akakuta kimya. Alidhani mama mkwe bado hajaja. Akauweka mzigo wa majani, akaegemea mti wa banda, akamwambia ng'ombe peke yake.

"Neema, mimi nimechoka. Baridi inaingia mpaka mu mifupa. Saa hii kwetu batoto banaoga ku ziwa. Nafikiri nitarudia kwetu, mwezi wa kuja. Bibi yangu sijamuambia."

Upande wa pili kitu kilisogea. Mama Esteria alikuwepo, amechuchumaa, ndoo bado tupu.

"Neema," alisema, "mwambie..."

Halafu akasimama, na uso wake ukaonekana juu ya mgongo wa ng'ombe, wazi kabisa, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya matanga.

"Faustini," akasema. "Kaa."

Faustini akakaa juu ya majani. Mama Esteria alimsimulia huku anakamua, pengine kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo hauoni haya. Alisema yeye si Mshambaa. Wazazi wake ni Wambugu, wafugaji wa upande wa Kwai, na alipoletwa hapa akiwa mwali, Kishambaa alikijua cha kuombea maji tu. Kila alipozungumza watu walicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa mama mkwe wake. Ndiye huyo huyo Bibi Yunis anayemwita Faustini mume wangu na kumpa maziwa ya mgando; yeye hakupewa mgando, alipewa mtungi na kuonyeshwa mto. Kwa hiyo siku nyingi za mwanzo hakuzungumza na mtu. Alizungumza na ng'ombe, mama wa nyanya yake huyu Neema, kwa Kimbugu, na ng'ombe alimwelewa.

Faustini akauliza ilikwishaje.

"Haikuisha," alisema Mama Esteria. "Nilizaa, nikazeeka, wakazoea. Hata leo nikikasirika kinatoka Kimbugu, na Hezekia anachukua kofia anatoka nje."

Hakumwambia abaki. Faustini alingoja aambiwe, asiambiwe. Mama Esteria aliinua ndoo yake iliyojaa, akaifunika, na alipofika mlangoni akageuka.

"Ukitaka kwenda, nenda, kwenu ni kwenu. Ila kamwambie mke wako. Mimi na ng'ombe tunatosha kusikia, lakini hatukuolewa na wewe."

Jioni ile Faustini alimwambia Yunis. Alitarajia machozi, lakini Yunis aliyasukuma madaftari kando, akasema alijua tangu ukungu ulipoanza na aliogopa kuuliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyemvuta. Walibishana kidogo, wakacheka kidogo, Yunis akalia kidogo mwishoni, halafu wakapatana: shule zikifungwa Desemba wote wawili wataenda Kalemie, wakae mpaka Faustini ashibe jua, na watakachoamua baada ya hapo watakiamua wakiwa wamekota joto. Akiwa na tarehe ya kungojea, baridi ilimwia nyepesi. Alilitoa lile blanketi alilofungia cherehani, akalikata, akalifanya bitana, juu yake akaweka kitenge cha ndege wakubwa wekundu, akajishonea koti. Lilikuwa na joto kama tanuri. Bibi Yunis alipoliona alidai lake kama haki ya mke mkubwa, akashonewa, akaenda nalo kanisani, akakaa benchi la mbele na kila mara akageuka nyuma ili ndege waonekane. Wiki ile Saumu alikuja na blanketi kwapani kuulizia bei, na nyuma yake wakaja wengine, hata Faustini akalazimika kuhamishia cherehani kwenye kibaraza cha duka sokoni.

Mama Esteria hakuvaa koti la ndege, ila siku moja alikuta jipya la rangi ya kahawia limetundikwa kwenye mti wa banda. Alilichukua. Mambo mengine waliendelea kuyapitisha kwa Neema, kwa heshima. Mengine waliambiana wenyewe.

Mwezi wa Oktoba Faustini alikuwa uani anazungumza kwa simu na mama yake, Mama Bernadeta, akimweleza watakavyosafiri. Mama Esteria alikuja akasimama karibu, akafuta mikono kwenye khanga, akanyoosha mmoja. Faustini akampa simu. Akaingia nayo kwenye migomba.

Walizungumza muda mrefu. Mama Bernadeta ana Kiswahili cha Kalemie kilichochanganyika na Kitabwa, na kwa kuwa mtandao ulikuwa mbaya alipiga kelele. Mama Esteria akajibu kwa kelele, Kiswahili nusu na Kishambaa nusu, na kuna mahali Yunis aliapa alisikia Kimbugu. Mara walicheka wote wawili pamoja. Mara ikawa kama wanaimba wimbo wa kanisa, kila mmoja na maneno yake. Salio lilipokatika Mama Esteria alirudi na simu, uso unang'aa.

Yunis akamuuliza wamesemaje.

"Anakuja," alisema mama yake.

"Nani anakuja? Sisi ndio tunaokwenda, mama. Desemba."

"Mama mwenzangu anakuja. Ameniambia mwenyewe."

Faustini akauliza anakuja lini.

"Hapo ndipo sikumwelewa," alisema Mama Esteria, akachukua ufagio akaenda kukitayarisha chumba cha wageni.